Ubavu wa Kulia

Wifi yangu Mwavita alikataa kulala chali hata baada ya kufa. Tulikuwa watatu chumbani kwake, kule Ujiji, mimi na wanawake wawili wa msikitini waliokuja kumwosha, na kila tulipomweka sawa juu ya kitanda cha kuoshea alipinduka taratibu upande mmoja, kama mtumbwi uliovutwa nchi kavu. Mkubwa wao, Bi Tatu, mama mwenye mikono ya nguvu na haraka zake, akasema, "Mshikeni mabega, mimi nivute miguu, tumnyooshe." Nikapiga kelele. "Msimnyooshe!" Sauti ilinitoka mpaka waliokuwa uani wakanyamaza. Bi Tatu akaniangalia, akaniambia kwa upole kwamba maiti hasikii maumivu, dada yangu. Najua hasikii. Aliyesikia ni mimi. Nikapenyeza kiganja chini ya mgongo wake, pale penye kibiongo, vidole vikapita pingili moja baada ya nyingine hadi pale zilipogandana zikawa kitu kimoja kigumu, nikawaonyesha: mtieni nguo iliyokunjwa hapa chini, na hapa kiunoni, atatulia. Wakatia, akatulia. Nilikuwa bado sijalia. Tangu waniletee habari nyumbani kwangu Katubuka nilikuwa nimepokea wageni, nimewagombeza vijana wa turubai, nimepika sufuria zima la wali, lakini chozi, hapana. Watu walishaanza kuniangalia vibaya.

Mgongo ule niliujua kuliko ninavyoujua wangu. Niliusoma mwaka mmoja mzima, mwaka niliotoka Kasulu kuja kujifunza cherehani na kukaa kwa kaka yangu Haruna na mkewe. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na uani, na kila kitu ndani yake kilikuwa na harufu ya mawese, hata mito ya kulalia, kwa sababu Haruna alikuwa akifanya biashara ya mawese na madumu yalilala nasi. Mwavita alinipokea mlangoni kwa maneno, "Haya, Muha wetu wa Kasulu kafika, ficheni mihogo!" na nikajua nimepata wifi kweli kweli. Asili yao ni ng'ambo, Kongo, lakini yeye alizaliwa Ujiji na ulimi wake ulikuwa wa Ujiji. Tulikula ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, na siku za neema mgebuka wa mawese, na hapo ndipo alipokuwa akinicheka. Mimi mtoto wa milimani nilimchokoa samaki vipande vipande na miba ikanikaa kooni. Yeye alimfungua ubavuni kwa kidole gumba, akashika mgongo kwenye kichwa, akavuta, ukatoka mzima na vijiba vyake vyote hadi mkiani. Akaupandisha juu kunionyesha. "Samaki ni mgongo, wifi. Ukiushika huo, kilichobaki ni nyama tu." Alicheka sana mwanamke yule. Alicheka mpaka akajishika mbavu na kuomba tumwache.

Maumivu yalianza na masika. Kwanza alikataa kuinua dumu la maji, kisha akawa anainama kuokota kitu kwa kuchuchumaa, mgongo wima, mkono mmoja umeshika paja. Kila aliyepita uani alikuwa na jibu. Mmoja alisema ni madumu, mwingine akasema ni godoro, mwingine akacheka na kusema mwambieni Haruna apunguze. Mama yake, Bi Nyota, akahamia kwetu na kopo lake la mafuta ya mise, kokwa za michikichi, na kikapu cha mizizi. Huyu alizaliwa ng'ambo na Kiswahili chake kilibaki huko huko. "Mugongo ya mwanamuke inachoka," alisema, "tumukande, itapona." Tukamkanda. Akapigwa chuku, akachanjwa chale, damu ikatoka, maumivu yakabaki. Kazi ya kukanda ilikuwa yangu, nami kwa kukanda nikaanza kumsoma: shingoni pingili ndogo ndogo, kati ya mabega zinakuwa kubwa, na kutoka kila moja hapo ubavu unaanza, unazunguka, unakuja mbele. Siku moja kidole changu gumba kikajikwaa. Chini kidogo ya mabega pingili moja ilikuwa imechomoza nje. Nikamuuliza, hii ilikuwapo? Akauliza, ipi? Nikamwekea mkono wake mwenyewe juu yake, na nikamwona usoni jinsi alivyoogopa.

Kuanzia hapo kila kiumbe nilikitazama mgongo. Nilikokwenda kujifunza cherehani ni Gungu, na njiani palikuwa na bucha. Mbuzi walitundikwa kichwa chini, wameshachunwa, na mimi nikasimama na mfuko wangu wa vitambaa kuhesabu mbavu mpaka mwenye bucha akaniuliza kama nanunua au nasali. Mbuzi ana jozi kumi na tatu. Nikarudi nikamhesabu Mwavita, kumi na mbili. "Mbuzi katuzidi, wifi," nikamwambia. Akasema ndiyo maana mbuzi hana shida ya mgongo. Kaka yangu akadakia kwamba mwanamume ana pungufu ubavu mmoja, kwa sababu aliutoa akaumbiwa mke, nao wakaanza kubishana, Mwavita amelala kwenye mkeka na Haruna amejishika fulana asihesabiwe. "Nikipona nitakuhesabu wewe," akamwambia, "nione kama kweli ulitoa kitu." Tukacheka wote watatu. Wiki ileile Haruna akavuka na boti kwenda Kalemie kuuza bidhaa, akasema anarudi upesi.

Asubuhi moja nilikuwa namimina uji, kikombe kikaniponyoka, uji wa moto ukamwagika wote juu ya mguu wa Mwavita. Nikapiga yowe mimi. Yeye alikuwa ameegemea ukuta, anachambua mchele, akainua macho. "Mbona unapiga kelele? Nani kamwaga uji?" Ngozi ya mguu wake ilikuwa imeshaanza kubadilika rangi. Nikamwambia, wifi, mguu wako. Akautazama. Akaugusa kwa kidole, kisha akaubana, kisha akaupiga kofi. Ungo ukadondoka, mchele ukasambaa sakafuni, naye akaendelea kuupiga ule mguu kofi juu ya kofi kama unaomkaidi, akisema, "Huu wa nani? Huu wa nani?" Bi Nyota akaingia mbio, akadhani tunapigana. Baada ya siku chache mguu wa pili ukaufuata mwenzake, na ikawa mtu aliyekuwa akicheza ngoma mpaka shuka linamvuka sasa anabebwa kwenda chooni na mama mzee na msichana.

Tulimpeleka hospitali mjini Kigoma amelazwa kwenye godoro, ndani ya pikapu ya jirani, na kila shimo la barabara nililisikia tumboni. Daktari alikuwa mtu mzuri, nasema kweli, na alikuwa amechoka. Akaweka picha kwenye taa. Nikaona mbavu za wifi yangu, nyeupe, zimejipanga pande mbili vizuri kabisa, na katikati, mahali penye pingili mbili, palikuwa na kitu kama sukari guru iliyolowa. Akasema wadudu wamezila hizo pingili, zimesagika, na uchafu wake unaubana ule uzi mweupe unaopita ndani ya mgongo na kupeleka habari miguuni. Akasema dawa yake ipo, utameza miezi mingi, usikose hata siku moja, na msimkande tena wala mtu asiuguse huo mfupa. Kisha akataja ugonjwa. "Hiki ni kifua kikuu." Bi Nyota akamtazama. "Kifua?" "Kifua kikuu cha uti wa mgongo, mama." Bi Nyota akaaga kwa adabu zote, na tulipofika nje kwenye kivuli cha ukuta akatema chini. "Mutoto hakohoi. Kifua yake iko safi. Mimi nilileta mugongo, yeye ananipa dawa ya kifua. Ile dawa iko ya mutu mwingine."

Neno lile moja lilitutesa kuliko ugonjwa wenyewe. Kifua kikuu kila mtu alikijua: mtu anakohoa, anakonda, anatenganishiwa kikombe, na siku zile watu walikuwa wanakunong'ona kuwa ni ukimwi. Mwavita hakukohoa hata mara moja. Nikiwa jikoni niliwasikia Bi Nyota na jirani yake upande wa pili wa ukuta wa mabati. "Wamekosea cheti," jirani alisema, "ilishawahi kutokea." Hata hivyo Mwavita vidonge alimeza, kwa sababu mimi nilisimama mbele yake na kikombe cha maji kila asubuhi. Hadi mkojo ukabadilika. Ulitoka mwekundu wa machungwa, rangi ya mawese kabisa, na Bi Nyota alipouona kwenye beseni akakaa chini akashika kichwa. "Munamuua mutoto yangu! Anakojoa damu!" Vidonge vyote akavitia ndani ya sanduku lake la nguo, akafunga, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge. Nilibisha, nikalia, nikatukana hata. Akaniambia: "Wewe uko wa upande wa mume. Na mume yuko wapi?" Kweli, mume alikuwa wapi? Wavukaji walikuja na salamu zake, yeye hakuja.

Zile wiki za sanduku simtakii hata adui yangu. Tulimgeuza mara kwa mara asioze ngozi, na kwa sababu chali haiwezekani, kibiongo kilikuwa kinamwinua, alikuwa na mahali pawili tu duniani, ubavu wa kushoto akatazama ukuta, au ubavu wa kulia akatazama mlango. Mimi nilikuwa nikiingia na kusema, "Haya wifi, ubavu wa kulia." Mwanzoni alinijibu, "Wa kulia ninao tele, niletee wa kucheka." Basi ukawa ndio utani wetu, kila nikimgeuza lazima aseme. Kisha akawa analisema bila kucheka. Kisha siku moja nikasema, "Haya wifi, ubavu wa kulia," akaninyamazia. Nikamgeuza, nikamfunika, nikafika mlangoni ndipo akaniita. "Wifi. Nikianza kunuka utaniambia ukweli?" Nikasema hutanuka. "Sikukuuliza hivyo." Nilikwenda uani nikajifanya nachochea moto. Sikuwa na la kufanya, nakwambia, nilikuwa msichana wa cherehani, sina kauli ndani ya nyumba ile, na mtu anakufa kuanzia miguuni mimi namtazama. Niliwahi kumfuata nesi wa hospitali kumuuliza habari za ule mkojo, akanieleza kuwa ile dawa ina rangi yake, huingia hata kwenye jasho. Nikarudi nikasema. Bi Nyota akaniuliza huyo nesi ni mtoto wa nani.

Hapo akaitwa mzee mmoja wa vijiji vya ziwani, fundi wa kuunga mifupa. Sina ugomvi naye, mikono na miguu mingi iliyovunjika aliiunga ikaungika. Lakini alikuja, akamtazama Mwavita, akapapasa ile pingili, akasema kazi ndogo, imetoka nje, tutairudisha. Mgonjwa atalazwa kifudifudi, watu wawili watavuta, mmoja mabega na mmoja miguu, naye ataikanyaga kwa kisigino irudi mahali pake. "Tutamnyoosha," alisema. Bi Nyota akashukuru. Ikapangwa siku ya tatu ya Idd, Idd ya kuchinja, maana kabla ya hapo mzee alikuwa na shughuli zake. Nikaona ule uzi mweupe wa daktari ndani ya kichwa changu, na kisigino juu yake. Nilikonda siku zile kuliko mgonjwa.

Siku ya Idd, nyumba ya jirani walichinja mbuzi wakatuletea fungu letu, na kwa bahati, au sijui niite nini, lilikuwa fungu la mgongo na mbavu. Nililipika kwa chumvi na ndimu tu. Tukala chumbani kwa mgonjwa, sinia moja, wanawake watatu, Mwavita kwa ubavu wa kulia ili aweze kufikia. Hakuna aliyekuwa na hamu. Bi Nyota alikuwa akinyonya mfupa, huku akieleza jinsi mzee atakavyokuja na wanaume gani wa kuvuta, na mimi nilikuwa na kipande cha mgongo mkononi, pingili tatu na mbavu zake bado zimeshika, na kwenye tundu la katikati ule uzi mweupe umeiva, laini. Sikuwa nimepanga kitu. Mdomo wangu hauna breki, ndivyo nilivyoumbwa. Nikamsogezea kile kipande. "Mama, huu ubavu unaanzia wapi?" Akanitazama. "Unanichezea?" "Nakuuliza tu. Unaanzia wapi?" "Mugongoni." Nikaufuata ubavu kwa kidole, taratibu, mpaka mwisho wake. "Halafu unaishia wapi?" "Kifuani, wewe mutoto, kila mutu anajua." "Basi kifua kinaanzia wapi?"

Bi Nyota akakinyang'anya kile kipande mkononi mwangu. Akakigeuza, akavuta ubavu mmoja, ukang'oka pale penye pingili na kuacha kishimo kidogo, akatia kidole humo. Nikamwonyesha ule uzi. Nikamwambia daktari alisema huu ndio unaobeba habari kwenda miguuni, na kama hapa pingili zimelika zikawa laini, kisigino cha mtu kitashukia wapi? Nikaubonyeza kwa ncha ya kijiko, ukakatika. Bi Nyota akasema kwa sauti ndogo, "Na damu? Anakojoa damu." Hapo Mwavita akavuta leso yake nyeupe chini ya mto akamrushia mama yake. Ilikuwa na madoa ya rangi ya machungwa. "Mama, hayo ni machozi yangu ya zile siku za dawa. Na machozi nayo ni damu?" Bi Nyota aliitazama ile leso mpaka supu ikaganda mafuta kwenye sinia. Kisha akasema, si kwetu, kwa yule mbuzi labda, "Kumbe kifua inaanzia mugongoni." Akalia. Akafungua pindo la kitenge kwa meno, kwa sababu vidole vilikuwa na mafuta. Yule mzee alipokuja alimkuta Bi Nyota amekaa kizingitini amejaza mlango mzima, akapewa nyama yake, akaambiwa mgonjwa ana mganga mwingine.

Laiti ningeweza kukwambia aliinuka akacheza. Daktari alitugombeza, akaanza dawa upya, na kwa muda mrefu hakuna kilichobadilika, miguu ilikuwa mizigo ileile. Kisha asubuhi moja nikiwa namnawisha akasema, "Wifi, maji ya baridi," na mimi nilikuwa nanawisha kidole cha mguu. Nilimwaga beseni lote. Ilikuwa mwisho wa mwaka alipopita mlangoni kwa miguu yake, ameshika ukuta, ameinama kama anatafuta kitu sakafuni, na hivyo ndivyo alivyobaki. Wiki kadhaa bila dawa zilikula pingili nyingine, na mfupa ulipopona ulipona umepinda. Haruna alirudi mara moja, akamwona, akakaa siku chache, akavuka tena. Tulikuja kusikia ana mke huko. Mimi nilishindwa hata kumtazama Mwavita usoni, ni kaka yangu yule, damu yangu. Yeye ndiye aliyenianza. "Nilimhesabu," akasema. "Siku zile alizokuja, alipolala. Ziko kumi na mbili kila upande, wifi. Hakutoa hata mmoja." Akacheka, jamani, akajishika mbavu, nami nikacheka naye mpaka tukakaa chini.

Alifungua meza ya mawese sokoni na watu wakamjua kwa mgongo wake, na kwa maneno yake. Mimi niliolewa Katubuka lakini wifi hakuacha kuwa wifi. Miaka hii ya mwisho alianza kuhema. Madaktari wa sasa walinieleza kwamba mgongo ukiinama, mbavu nazo hubanana mbele, mapafu yanakosa nafasi, mwaka hadi mwaka. Nilipomwambia, akasema, "Basi mama alikuwa na haki. Kweli kifua kinaanzia mgongoni." Hayo yalikuwa karibu ya mwisho. Alikufa amekaa, kwa sababu kulala kulikuwa kumeshamshinda pande zote. Haruna alipiga simu kutoka ng'ambo, akalia sana. Nikamwacha alie.

Tukamaliza kumwosha, tukamvika sanda. Wanaume wakabisha hodi. Nikamwita mpwa wake, atakayeshuka kaburini, nikamwambia amtie udongo wa kutosha nyuma, kiunoni na juu ya kibiongo, asiachwe akapinduka. Akasema, "Sawa shangazi, tutamlaza ubavu wa kulia kama ilivyo sunna." Akatoka kuita wenzake. Tukabaki mimi na yeye kidogo, chumba ni kilekile, mlango uleule aliokuwa akiutazama. Nikamwinamia pale penye sikio, juu ya sanda. "Haya wifi," nikamwambia, "ubavu wa kulia." Nikangoja. Kwa mazoea tu, nikangoja aniambie wa kulia anao. Hakusema. Basi nikalia mimi.